Maji Yako Yamepimwa Nini? Mwongozo wa Kuelewa Matokeo ya Kisima

Kisima kinapozinduliwa, jambo la kwanza tunalosikia ni kwamba "maji yamepimwa na yako salama." Wananchi hupiga makofi, mitungi hupangwa foleni, na maisha husonga mbele. Ni wachache wanaouliza swali la pili: yamepimwa nini?

Swali hilo lina uzito. Hakuna kifaa kimoja kinachoona kila kitu kilicho ndani ya maji. Kipimo cha chumvi hakioni vijidudu. Kipimo cha vijidudu hakioni floridi. Macho na ulimi havioni kimojawapo kati ya hivyo viwili vya mwisho. Maji yanaweza kuwa meupe, baridi na matamu, na bado yakaharibu meno ya mtoto au kumharisha usiku kucha.

Makala haya yanaeleza kwa lugha rahisi jinsi wataalamu wanavyotafuta na kupima maji, kila kipimo kinaona nini, na mkazi wa Chechelesi, Merti, Garbatulla au Oldonyiro aulize nini anapoletewa karatasi ya maabara.

KUTAFUTA MAJI CHINI YA ARDHI

Kabla ya mtambo wa kuchimba kufika, mtaalamu wa maji ya ardhini hufanya upimaji wa eneo. Njia inayotumika sana ni ya umeme. Vyuma vinne hupigiliwa ardhini kwa mstari. Viwili hupitisha umeme, na viwili hupima jinsi ardhi inavyoupinga. Mwamba mkavu hupinga umeme sana, ilhali mwamba wenye maji huupitisha kwa urahisi zaidi. Vyuma vya kupitisha umeme vikisogezwa mbali zaidi, umeme hushuka chini zaidi, na mtaalamu hupata picha ya tabaka moja baada ya jingine.

Lakini udongo wa mfinyanzi pia hupitisha umeme. Maji ya chumvi huupitisha hata kuliko maji baridi. Kwa hivyo kifaa kikionyesha kwamba umeme unapita vizuri, hilo ni dalili ya maji, wala si hakikisho la maji ya kunywa.

Nchi yetu ililiona jambo hili wazi kule Turkana. Mnamo Septemba 2013, Serikali ya Kenya na shirika la UNESCO zilitangaza kwamba hifadhi kubwa za maji zilikuwa zimegunduliwa chini ya ardhi, ikiwemo ile ya Lotikipi. Picha za rada kutoka angani na ramani za miamba ndizo zilizotumika kuzitafuta, na uchimbaji ukathibitisha kwamba maji yapo. Habari hizo zilienea duniani kote. Vipimo vilivyofuata Lotikipi vilionyesha kwamba maji hayo yana chumvi nyingi kupita kiwango cha kunywa. Rada haikudanganya, kwani ilitafuta mahali palipo na maji, na ladha yake halikuwa swali iliyoulizwa.

CHUMVI: KIPIMO CHA DAKIKA MOJA

Kipimo rahisi kuliko vyote ni cha chumvi. Maji yasiyo na kitu ndani yake karibu hayapitishi umeme kabisa. Chumvi ikiyeyuka ndani yake, umeme hupita. Fundi huchovya kifaa kidogo cha mkononi ndani ya kikombe cha maji na kusoma namba. Namba hiyo huandikwa kwa maikrosimensi kwa sentimita. Kadiri inavyopanda, ndivyo chumvi inavyozidi.

Kiwango cha Kenya, kinachosimamiwa na shirika la KEBS, huruhusu hadi 1,500 kwa maji yaliyosafishwa na hadi 2,500 kwa maji ya asili ya kunywa, kama vile ya kisima au chemchemi. Joto la maji hubadilisha namba hii, na ndiyo maana vifaa vizuri huirekebisha iwe kama maji yako kwenye nyuzi 25.

Kwetu kipimo hiki kina umuhimu wa pekee. Hifadhi ya maji ya Merti, inayoanzia kaunti yetu na kupitia Wajir na Garissa kuelekea Somalia, ina maji mazuri katikati na yenye chumvi pembeni. Visima viwili katika hifadhi hiyo hiyo vinaweza kutofautiana kabisa. Aidha, kisima kikivutwa maji kupita uwezo wake, maji ya chumvi ya pembeni yanaweza kusogea polepole kukielekea. Kwa hivyo kamati inayoandika namba ya chumvi kila mwezi inaweza kuliona tatizo hilo mapema, kabla wananchi hawajalionja.

Hata hivyo, kifaa hiki hakisemi ni chumvi gani iliyomo. Chumvi ya kawaida na madini mengine huhesabiwa pamoja. Namba ikiwa chini, usidhani kwamba hakuna kitu kibaya.

FLORIDI: MADINI YASIYO NA LADHA

Floridi hutoka kwenye miamba, hasa ya volkeno, na hupatikana kwa wingi katika visima vingi vya Bonde la Ufa. Haina rangi, harufu wala ladha kwa viwango vinavyopatikana visimani. Kiwango cha juu kinachokubalika nchini na kwa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita moja.

Floridi ikizidi, meno ya mtoto yanayoendelea kuundwa ndani ya ufizi huota yakiwa na madoa meupe au ya kahawia. Madoa hayo hayaondoki kwa mswaki. Ikizidi sana kwa miaka mingi, huathiri mifupa na viungo. Mtu mzima anayehamia eneo hilo meno yake hayapati madoa, kwa sababu yalishamaliza kuundwa. Ndiyo maana anayepaswa kulindwa kwanza ni mtoto mdogo.

Historia ya kugunduliwa kwake ina funzo kubwa. Daktari wa meno Frederick McKay alifika mji wa Colorado Springs, Marekani, mwaka wa 1901, akakuta watu wengi waliozaliwa huko wana meno ya kahawia. Kwa miaka mingi alishuku maji, lakini vipimo vya kawaida havikuonyesha lolote la ajabu. Katika mji wa Bauxite, jimbo la Arkansas, watoto walikuwa na madoa hayo hayo. Mwaka wa 1931, mkemia H. V. Churchill wa kampuni ya alumini iliyomiliki mji huo aliyapima maji kwa njia mpya ya kusoma mwanga unaotolewa na madini yakichomwa. Floridi ikajitokeza kwa wingi. Churchill hakuamini, akaagiza sampuli nyingine iletwe. Jibu likawa lile lile.

Kumbuka kwamba maji hayo yalikuwa yamepimwa mara nyingi kabla ya hapo. Floridi ilikuwamo siku zote. Haikuonekana kwa sababu hakuna aliyeitafuta.

Siku hizi maabara hutumia kijiti maalumu kinachoitikia floridi peke yake, kilichobuniwa miaka ya 1960, au dawa inayobadilika rangi kulingana na kiasi kilichomo. Kipimo si kigumu. Kinachohitajika ni mtu kuagiza kifanyike.

VIJIDUDU: KUHESABU KISICHOONEKANA

Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara huletwa na vijidudu vinavyotoka kwenye kinyesi. Kutafuta kila aina ya kijidudu kungekuwa kazi ya gharama isiyoisha. Kwa hivyo wataalamu hutafuta kimoja, E. coli, ambacho huishi ndani ya matumbo ya binadamu na wanyama wenye damu moto. Kikionekana majini, kinyesi kimefika, na magonjwa yanaweza kuwa yamefuata.

Maabara huchuja mililita 100 za maji kupitia karatasi yenye matundu madogo mno ambayo vijidudu haviwezi kupita. Karatasi huwekwa juu ya chakula cha vijidudu, kisha ndani ya kabati lenye joto la nyuzi 44 hivi, kwa saa 18 hadi 24. Kila kijidudu kilicho hai huzaana hadi kuwa doa linaloonekana kwa macho, na fundi huhesabu madoa. Kwa maji ya kunywa, jibu linalokubalika ni sufuri.

Panapokuwa na klorini, kuna kipimo cha haraka zaidi. Kidonge huyeyushwa ndani ya kichupa cha maji, na maji yakigeuka waridi, klorini ipo. Kiwango kinachofaa bombani ni miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Maji yasipobadilika rangi, hayana kinga, hata kama yaliwekwa dawa asubuhi.

Kwa wafugaji, hapa ndipo penye hatari. Birika la mifugo likiwa kando ya mdomo wa kisima, kinyesi cha ng'ombe, ngamia na punda hulowa ardhini na kinaweza kurudi kwenye maji, hasa baada ya mvua. Birika likae mbali na kisima, upande wa chini yake, na zege la mdomo wa kisima lisiwe na nyufa.

SAMPULI MBAYA, JIBU BAYA

Kifaa cha maabara hupima kile kilichomo chupani. Chupa ikiwa chafu, jibu litakuwa la uchafu wa chupa. Yafuatayo ni ya lazima:

• Kwa vijidudu, tumia chupa iliyotakaswa na maabara. Usiisuuze. Kama maji yana klorini, chupa huwa imewekwa dawa ya kuizima ili isiendelee kuua vijidudu njiani.
• Acha maji ya bomba yatiririke kwanza, na usiguse mdomo wa chupa kwa vidole.
• Weka chupa kwenye sanduku lenye barafu. Ifike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, wala isipite saa 24. Kwa kaunti yenye umbali kama yetu, panga usafiri kabla ya kuchota.
• Kwa floridi, tumia chupa safi ya plastiki, si ya glasi. Sampuli hii haiharibiki upesi na inaweza kusafiri siku kadhaa.
• Andika mahali, tarehe na saa juu ya chupa.

Vipimo hivi pia havizeeki kwa kasi moja. Floridi hutokana na mwamba na hubadilika taratibu. Vijidudu hubadilika kwa siku moja, mafuriko yakipita. Cheti cha vijidudu cha siku ya uzinduzi hakisemi chochote kuhusu maji ya leo.

TIBA HUTEGEMEA KIPIMO

Kuchemsha na kutia klorini huua vijidudu. Lakini havitoi chumvi wala floridi. Ukichemsha maji yenye floridi hadi yapungue, kile kilichobaki huwa kikali zaidi. Floridi hupunguzwa kwa vichujio maalumu, kama vile vya mkaa wa mifupa, au kwa kutumia maji ya mvua au chanzo kingine kwa kunywa na kupikia, watoto wakipewa kipaumbele. Maji yenye chumvi nyingi kwa binadamu mara nyingi bado huwafaa mifugo, hasa ngamia. Kwa hivyo matokeo mabaya hayamaanishi kufunga kisima. Yanaonyesha maji hayo yafaa kazi gani.

MASWALI MANNE KWA KAMATI YA MAJI

1. Maji yetu yalipimwa nini hasa? Chumvi, floridi na vijidudu vyote vimo kwenye karatasi?
2. Sampuli ilichukuliwa lini na wapi: kisimani, kwenye tangi au bombani?
3. Kila namba ikilinganishwa na kiwango cha Kenya, iko juu au chini?
4. Kipimo kijacho ni lini, na nani atakilipia?

Kuuliza si utundu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Huduma za maji ni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti.

Ukiona madoa kwenye meno ya watoto wengi wa kijiji kimoja, kuhara kunakoongezeka, au ladha ya maji iliyobadilika, mwarifu afisa wa afya ya umma au mhudumu wa afya ya jamii aliye karibu nawe, na umtajie kisima unachotumia. Taarifa hiyo ndiyo itakayoiambia maabara itafute nini.