Una Biti, Uko Kithimani: Lebo Utaipata Vipi?

Ni lazima kwanza niende studio Nairobi?

Hapana. Muziki wa elektroniki hautegemei studio ya kukodi. Laptopu na hedifoni zinazosema ukweli zinatosha. Wala mlango wa karibu hauko Ulaya. Kazi za Slikback, mtayarishaji wa Nairobi, zilitolewa mwaka 2018 na Hakuna Kulala, lebo iliyo chini ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mwaka mmoja kabla, Nyege Nyege walikuwa wametoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa muziki wa singeli wa Dar es Salaam.

Nitoe mwenyewe au nisubiri lebo?

Toa mwenyewe, lakini si zote. Kwenye Bandcamp unapakia na kupanga bei wewe mwenyewe. Kwa mauzo ya kidijitali wanakata asilimia 15. Spotify na Boomplay utazifikia kupitia msambazaji, kwa mfano DistroKid. Tatizo ni kwamba wimbo ukishatoka, lebo nyingi hazitautaka tena. Kwa hiyo nyimbo zako kali zaidi ziweke kando, usizimwage mtandaoni.

Watu wa lebo niwaandikieje?

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanawatumia watu hamsini barua pepe moja, wakianza na “Hello sir”. Chagua lebo chache ambazo kazi zao unazisikiliza kweli, na useme ni toleo lipi lililokufanya uwaandikie. Usiambatishe WAV: dakika sita za ubora wa CD ni kama MB 60, na Gmail inakomea MB 25. Weka linki ya siri ya SoundCloud yenye nyimbo tatu. Ule wenye utangulizi wa dakika mbili usiwe wa kwanza. Maelezo yako yawe mistari minne, na mmojawapo useme unatoka Kithimani, Yatta. Hicho ndicho wenzako wa Berlin hawana. Wasipojibu, wakumbushe mara moja tu, kisha endelea na kazi.

Nimerekodi ngoma za kilumi za Wakamba na kuzikatakata. Kuna shida?

Ipo, usipoomba ruhusa. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Zungumza na kikundi kilichopiga kabla ya kutoa wimbo, mwafikiane malipo, na majina yao yaonekane kwenye toleo. Binafsi naona hilo lingekuwa la lazima hata bila sheria.

Na mkataba?

Hakimiliki ni yako tangu wimbo uliporekodiwa. Kuusajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kunakupa ushahidi mkizozana. Kisheria, kuhamisha haki au kutoa leseni ya kipekee lazima kuwe kwa maandishi yenye sahihi yako, basi usitie sahihi kwa kuwa umefurahi. Hakikisha unajua kama ni leseni, na ya miaka mingapi, au kama unauza haki moja kwa moja. Lebo ndogo nyingi hugawana faida nusu kwa nusu baada ya gharama. Uliza gharama hizo ni zipi. Na anayekudai wewe pesa ndipo akutoe, huyo anauza huduma, si lebo.