Somo la Ufundi: Epoksi Safi Ndani ya Boti ya Mfano



Tuchukue katamarani ya ndagala, ile mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, wavu ukishushwa katikati na taa zikiwaka usiku. Uvuvi huo uliingia ziwani Tanganyika katika miaka ya 1950, na kila anayeishi Rumonge anaujua. Anayechonga mfano wake mdogo ili auze huona mapema kwamba mitumbwi hiyo iko wazi juu. Mnunuzi huchungulia ndani kabla hajatazama nje. Na ndani ndimo epoksi inapotuaibisha: vishimo, mapovu, matone yaliyoganda, na utando kama nta.

Vishimo huletwa na mafuta. Mtu ametoka kwenye kinu cha mawese, akashika ubao. Alama ya kidole haionekani, lakini epoksi ikifika hapo hujikunja na kuacha kijicho, na kupaka juu yake tena hakuondoi kitu. Nawa kwa sabuni kwanza. Ubao ulioguswa ufutwe kwa spiriti, ukauke, ndipo upigwe msasa. Ukianza na msasa unayaeneza mafuta.

Mapovu hutoka kwenye ubao wenyewe. Jua linapopanda, hewa iliyomo ndani ya mbao hupanuka na kutoboa epoksi mbichi. Paka alasiri joto linaposhuka, na ubao utainywa epoksi badala ya kuitemea. Saa hizo ndizo tulizo nazo baada ya zamu, basi bahati iko upande wetu.

Katika kuchanganya, fuata kipimo kilichoandikwa koponi. Wako wanaozidisha dawa ya kugandisha ili ikauke upesi, kama wafanyavyo kwa resini ya poliesta. Kwa epoksi hilo ni kosa: dawa iliyozidi hubaki bila kazi na ndani hukaa laini, pengine inanata daima. Changanya kidogo kidogo, umimine katika sahani pana, kwa kuwa ikijaa kikombe hupata moto yenyewe hata kutoa moshi.

Pembe ndizo zinazoonyesha mkono wa fundi. Changanya epoksi na unga laini wa mbao mpaka isimame kama ugali mwepesi. Bandika utepe wa karatasi pande zote mbili za pembe, jaza, kisha pitisha mara moja mgongo wa kijiko. Utepe uvuliwe epoksi ikiwa bado laini. Ukingoja hadi kesho utang'oka na vipande.

Asubuhi, hasa baada ya usiku wenye unyevu wa ziwa, huenda ukakuta utando wa nta. Usiupige msasa. Uoshe kwa maji safi na kisugulio, ukauke, ndipo usawazishe.

Hapa tusimame kidogo, ndugu. Epoksi mbichi, na vumbi la ile isiyoiva, huweza kuamsha mzio wa ngozi, na ukishaamka kwa kawaida hauondoki. Mtu anayeishi kwa mikono yake hawezi kulipa bei hiyo kwa ajili ya boti ya mfano. Vaa glavu, funika pua, ngoja iive vizuri, na utumie msasa wa maji. Ikigusa ngozi, osha kwa sabuni na maji, kamwe si kwa tina. Na kama kazi ya epoksi ni ya tajiri, kwenye karakana yake, glavu ni zake kununua: Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Lidaini kwa pamoja, si mmoja mmoja.

Mwisho ni rangi. Epoksi tupu hugeuka manjano juani, kwa hiyo boti itakayokaa dirishani ipakwe vanishi ya kukinga jua. Aliyebakiwa na madoa achague rangi ya kijivu isiyong'aa, ambayo huficha mengi.