Kabla ya kuilaumu rangi

*Ndugu Mshauri,*

*Nasimamia zamu ya usiku katika kiwanda cha kutia rangi vitambaa vya pamba, Dar es Salaam. Tuna shida mbili. Ya kwanza, vitambaa vya rangi hafifu, hasa maziwa na samawati, vinatoka na vitundu vidogo vya ncha ya sindano, vingine vikiwa na ukingo wa kahawia. Vitambaa vya rangi iliyokolea havina tatizo hilo. Ya pili, majora ya kitambaa cheusi cha sare tuliyompelekea mteja Tanga yakiwa mazima yamerudishwa baada ya kukaa ghalani miezi kadhaa. Ukiyavuta kidogo tu yanachanika. Meneja anasema tunauziwa rangi mbovu. Kuna msambazaji naye anatushawishi tununue dawa ya kulinda nyuzi, na bei yake si ya mchezo. Tuinunue?*

*Msimamizi wa Zamu, Dar es Salaam*

Ndugu Msimamizi,

Msiinunue kwanza. Dawa za kulinda nyuzi zipo kweli, wala si utapeli, ila nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya sufu. Sufu ni protini, na ikichemshwa kwa muda mrefu inaumia. Ndiyo maana wanaoitia rangi hujitahidi kuiweka kwenye pH ya 4 hadi 4.5, ambako inastahimili zaidi. Kazi huwa ngumu pale sufu inapochanganywa na poliesta, kwa sababu poliesta hupenda joto la sentigredi 130 ili iinywe rangi sawasawa, na joto hilo sufu hailiwezi. Hapo hupunguza joto na kuongeza dawa ya kinga.

Ninyi mnatia rangi pamba, na pamba ni selulosi. Ikilowa haidhoofiki, bali huwa imara kuliko ilivyokuwa kavu. Soda na kostiki inazivumilia. Inachokiogopa ni asidi, na pia oksijeni inapokutana na kostiki ya moto. Basi mwulizeni huyo msambazaji swali moja: dawa yake inaikinga pamba dhidi ya kipi kati ya hivyo viwili? Asipokuwa na jibu, mwageni kwa heri.

Sasa tuje kwenye vitundu. Jibu lake umeliandika mwenyewe bila kujua. Kitambaa cha maziwa hakiwezi kutiwa rangi kabla hakijang'arishwa kikawa cheupe kabisa, lakini kile kitakachokuwa bluu nzito au kahawia mara nyingi huchemshwa tu kikaendelea. Ikiwa vitundu viko kwenye rangi hafifu peke yake, mharibifu hayumo kwenye pipa la rangi. Yumo kwenye kung'arisha.

Mnapong'arisha kwa peroksaidi, maji yana kostiki, pH ni kati ya 10.5 na 11, na joto linakaribia kuchemka. Peroksaidi inatakiwa ivunjike polepole, na silikati ya sodiamu inawekwa humo ili kuizuia isiende mbio. Lakini chembe ya chuma ikiwa imenasa kwenye kitambaa, inageuka kichocheo. Peroksaidi yote iliyo jirani inavunjika kwa mkupuo mahali hapo hapo na kuiunguza selulosi. Kitambaa kinaweza kutoka mashineni kikionekana kizima, kisha doa lile dhaifu likatoboka kwenye kuoshwa au kukaushwa. Ukingo wa kahawia unaouona ni kutu.

Usiniamini kwa maneno, pima. Chukua kipande chenye vitundu ukipeleke maabara ya kiwanda, vaa glavu, dondoshea asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, kisha myeyusho wa ferosianidi ya potasiamu. Ukingo wa kitundu ukigeuka bluu iliyoiva, chuma kimekiri. Ukitaka kujua selulosi imeumia kiasi gani pale ambapo kitundu bado hakijatokea, loweka kipande kwenye methilini bluu hafifu, kisha kisuuze. Sehemu zilizoungua kwa oksijeni huinywa zaidi na kubaki zimekolea.

Chuma kinaingilia wapi? Anza na maji. Kama mnatumia kisima, pelekeni sampuli ikapimwe chuma na manganizi. Kagueni mabomba, hasa yale ambayo maji hulala ndani mwishoni mwa wiki, kwa kuwa maji ya kwanza ya Jumatatu hubeba kutu ya siku mbili. Angalieni matoroli ya kubebea vitambaa vibichi: toroli lililobabuka rangi linaacha kutu kwenye kila jora linalolilalia. Msiisahau pamba yenyewe, kwani vipande vya chuma kutoka kwenye mitambo ya kuchambulia na kufumia husafiri nayo hadi kwenu. Mkishajua, fueni kitambaa kwenye maji yenye asidi kidogo na dawa ya kukamata madini, msuuze vizuri, ndipo mng'arishe. Humo kwenye kung'arisha, msipunguze silikati kwa ajili ya kubana matumizi. Silikati mnayoibania leo mnailipia kwa majora yanayorudishwa.

Mkimaliza, hakikisheni peroksaidi iliyobaki imeuawa, kwa kimeng'enya cha katalesi au kwa dawa nyingine, na mpime kwa karatasi zake kabla ya kutia rangi. Ikibaki inaishambulia rangi, kitambaa kinatoka na mabaka, nanyi mnalazimika kukivua rangi na kukitia upya. Kila safari ya pili ndani ya mashine ni msuguano mwingine, kostiki nyingine na joto jingine kwenye nyuzi zile zile.

Kitambaa cheusi ni habari nyingine, na hapa meneja wako ana nusu ya haki. Kwa dalili ulizoeleza, nadhani mnatumia nyeusi ya salfa. Ni rangi ya bei nafuu, inakolea sana na haichuji upesi, ndiyo maana inapendwa kwa suruali na nguo za kazi. Tabia yake mbaya ni moja: ndani yake kuna salfa isiyoshikamana imara. Kitambaa kikikaa kwenye joto na unyevunyevu, na ghala la pwani halikosi vyote viwili, salfa hiyo inaungana na oksijeni na kugeuka asidi ya salfuriki ndani ya nyuzi. Asidi hiyo inakata minyororo ya selulosi kidogo kidogo. Ndiyo maana kitambaa kilipita ukaguzi wenu kikaozea kwa mteja. Rangi haikuwa mbovu. Kilichopungua ni kuosha, na kinga ya mwisho.

Dawa yake ni hii. Baada ya kutia rangi, suuzeni mpaka maji yatoke maangavu. Msitumie chumvi za shaba wakati wa kuimarisha rangi hiyo, kwa kuwa shaba inaharakisha uozo. Kwenye maji ya mwisho wekeni asetati ya sodiamu, na kitambaa kikauke nayo bila kusuuzwa tena. Asidi itakapoanza kuzaliwa ghalani, itaikuta asetati inaisubiri na kuidhoofisha. Kabla ya kupakia, pimeni pH ya kitambaa chenyewe. Ikiwa chini ya 7, hakiondoki kiwandani.

Majora yaliyokwisha kuchanika hayana tiba, kwa sababu hakuna kemikali inayounga upya mnyororo wa selulosi uliokatika. Mlipeni mteja. Yale ambayo bado ni imara yaosheni kwa soda kidogo, yapitisheni kwenye asetati, mkaushe. Mwambieni mteja ukweli pia: ayatoe kwanza yale yaliyokaa muda mrefu, na ghala lake lipitishe hewa.

Nina wasiwasi na jambo jingine ambalo hukuliandika. Mnaondoa kostiki na soda kwa asidi gani baada ya kutia rangi? Viwanda kadhaa hutumia asidi ya salfuriki kwa kuwa ni rahisi. Ubaya wake ni kwamba haipai. Maji yanapokauka, yenyewe inabaki na kuzidi kuwa kali ndani ya nyuzi. Tumieni asidi ya asetiki, ile iliyomo kwenye siki: ni dhaifu, na inapaa pamoja na mvuke. Na mnapochemsha kwa kostiki, kitambaa kizame chote. Sehemu inayoelea juu inakutana na hewa, na hewa pamoja na kostiki ya moto ndiyo mauaji ya pamba.

La mwisho halina gharama ila mkasi. Kuanzia zamu ijayo, kateni kipande kwenye kila jora la majaribio katika kila hatua: kikiwa kibichi, kikishachemshwa, kikishang'arishwa, kikishatiwa rangi, kikishamaliziwa. Viandikeni, mvipime nguvu ya kuchanika, mviweke kwenye daftari. Nguvu ikishuka ghafla kati ya hatua ya pili na ya tatu, hamtahitaji tena kubishana na meneja wala kumsikiliza msambazaji. Mtajua mashine, mtajua saa, mtajua na aliyekuwa zamu.

Fedha mliyotaka kumpa msambazaji nunulieni karatasi za pH na za peroksaidi, asetati ya sodiamu, na bomba jipya badala ya lile lenye kutu. Zikibaki, pakeni rangi matoroli.