USHAHIDI WA NDUGU JUU YA NDUGU

Bismillahi Rahmani Rahim.



Somo letu Ijumaa hii ni juu ya ushahidi, hasa pale watu wa nyumba moja wanapofikishana tribinali. Hapa Bunia tunajua namna inavyoanza: kiwanja alichoacha marehemu, mahari, mke na mashemeji. Mara jambo liko parke, mmoja anashitakiwa kupiga au kuchoma nyumba, na mashahidi wote ni wa ukoo. Je, waaminiwe au wakataliwe?

Sura Yusuf inatufundisha pande zote mbili. Ndugu zake walimletea baba yao kanzu yenye damu ya uongo. Wote walisema neno moja, lakini kukubaliana kwao hakukuwafanya wakweli. Baadaye Yusuf aliposingiziwa na mke wa bwana wake, aliyeonyesha njia ya haki alikuwa mtu wa jamaa ya mwanamke huyo huyo. Hakutetea ukoo wake. Alitaka kanzu itazamwe, imechanwa mbele au nyuma.

Basi undugu peke yake hauharibu ushahidi, wala hauutakasi. Neno hupimwa hivi:

1. Alijuaje? Aliona kwa macho yake, au aliambiwa na shangazi? Ilikuwa usiku au mchana, karibu au mbali?

2. Alisema lini? Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema ana uzito zaidi. Akichelewa bila sababu, mashaka huingia. Aliyenyamaza mpaka siku ya kugawa urithi aulizwe kwa nini.

3. Anapata nini? Chuki hupotosha ushahidi, na mapenzi pia.

4. Kanzu iko wapi? Yaani kitu kilicho nje ya maneno: karatasi ya daktari, alama za moto, jirani asiye na fungu katika ugomvi.

Wengine husema: "Tukikosea, kuna rufaa." Ni kweli. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 21, inampa kila mtu haki hiyo, na katika mambo ya jinai aliyehukumiwa akiwepo ana siku 10 tu za kukata rufaa. Lakini majaji wa juu mara nyingi husoma maneno yaliyoandikwa tu. Mwaka 1972 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema majaji wa rufaa ya kwanza wapime upya ushahidi wote, huku wakikumbuka kwamba hawakuwaona mashahidi wakisema. Kwa hiyo uongo wa siku ya kwanza ni mgumu kuung'oa.

Sisi wa Ituri tumeona uzito wa jambo hili hata nje ya ugomvi wa nyumbani. Tarehe 18 Desemba 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, La Haye, ilimwachilia Mathieu Ngudjolo katika kesi ya shambulio la Bogoro la 24 Februari 2003, kwa kuwa mashahidi wakubwa wa mashitaka hawakuaminika vya kutosha. Rufaa ya tarehe 27 Februari 2015 haikubadili hukumu. Hata hivyo majaji walisema wazi kwamba hiyo haina maana kuwa hakuna kilichotokea Bogoro. Watu walikufa. Ushahidi usiosimama huweza kumfunga asiye na kosa. Huweza pia kuwaacha wafiwa bila jibu.

Ndugu yangu, ukiitwa, sema ulichoona. Usichokijua, sema sijui, si aibu. Nanyi wazee wa ukoo, msiwakusanye watoto usiku wa kuamkia kesi ili wote wapate neno moja. Ndivyo walivyofanya ndugu zake Yusuf. Sura Nnisaa, aya ya 135, inatuamuru kusimamia haki hata ikiwa ni juu ya nafsi zetu, wazazi na jamaa.

Allah azinyooshe ndimi zetu. Amin.

Wassalaam alaykum.