KOPO NI MOJA, UZITO SI MMOJA

Mbolea ya chumvichumvi hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, pale Kurasini, ikapelekwa mashambani. Mfuko wa urea huandikwa kilo 50, na wa CAN vilevile kilo 50. Lakini iweke mifuko hiyo ubavu kwa ubavu: wa urea ni mnene zaidi. Mkulima mwingine hudhani amepunjwa kwenye CAN. Hakupunjwa. Urea ni nyepesi, nayo hutaka nafasi kubwa.

Wenye vishamba vidogo vya Temeke na Kinondoni mara nyingi hawanunui mfuko mzima. Hupimiwa kwa kopo, na shambani hupimia kizibo cha soda. Basi jua kwamba kopo hupima ukubwa, halipimi uzito.

Fanya hivi. Pima kopo tupu katika mizani. Lijaze maji hadi ukingoni, ulipime tena, kisha toa uzito wa kopo. Maji ya gramu 500 ni mililita 500. Huo ndio ujazo wa kopo lako. Mwaga maji, ulikaushe sana, maana urea hunyonya unyevu upesi. Lijaze urea, sawazisha juu kwa kijiti bila kushindilia, upime. Tuseme, ukiisha kutoa uzito wa kopo, umepata gramu 375. Gawanya uzito kwa ujazo: 375 ÷ 500 = 0.75. Yaani kila mililita ina gramu 0.75. Hesabu hii huitwa densiti. CAN katika kopo lilelile hukaribia gramu 500, yaani densiti 1.0.

Mwanao akikuambia kitabu cha shule kimeandika densiti ya urea 1.3, msigombane. Hiyo ni ya chembe yenyewe; ndani ya kopo mna hewa pia kati ya punje.

Sasa kizibo. Kizibo cha mililita 5 huchukua urea gramu 3.75, au CAN gramu 5. Hata hivyo urea ndiyo kali: gramu 100 zake zina naitrojeni gramu 46, na za CAN 26 hivi. Kizibo cha urea basi huupa mche wa mahindi naitrojeni gramu 1.7, na cha CAN gramu 1.3. Aliyezoea CAN akibadili kwa urea bila kupunguza kipimo, tena akaimwaga shinani, ataunguza miche. Iweke mbali kidogo na shina, uifukie.

Dukani, ukitaka kilo 3 za urea, gawanya 3000 kwa 375: ni makopo 8. Muuzaji akikuhesabia 6, kama ya CAN, amekupunguzia gramu 750.