Msitu ni Mali ya Nani? Watwa wa Kahuzi-Biega na Swali la Umiliki



Katika somo hili tunalichukua swali moja la zamani la falsafa na kulipeleka msituni. Swali ni hili: kitu kinakuwaje cha mtu? Darasani tunalisoma kupitia John Locke na Mtakatifu Thoma wa Akwino, tunajibu mtihani, tunasonga mbele kwenye mada nyingine. Kwa Watwa wa Kivu Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hili halikuwa swali la mtihani. Wengine walilijibu kwa niaba yao, na jibu hilo likawatoa katika ardhi ya babu zao.

Yaliyotokea Kahuzi-Biega

Karibu na mji wa Bukavu kuna milima miwili, Kahuzi na Biega. Mwaka 1970 serikali ilitangaza hapo hifadhi ya taifa yenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 600, hasa kwa ajili ya kuwalinda gorila wa mashariki. Mwaka 1975 eneo likapanuliwa hadi kilometa za mraba 6,000 hivi, na mwaka 1980 UNESCO ikaiingiza hifadhi hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hizi ndizo tarehe anazosomewa mtalii.

Ndani ya msitu huo waliishi Watwa, watu wa kuwinda, kurina asali na kukusanya matunda, mizizi na dawa. Walifukuzwa katika miaka hiyo ya sabini. Hawakuombwa ridhaa, hawakulipwa fidia, hawakupewa ardhi nyingine. Wakajikuta pembezoni mwa vijiji vya jirani zao, wakifanya vibarua katika mashamba ya watu na kulala katika vibanda vilivyosimama juu ya ardhi isiyo yao. Aliyejua dawa za magonjwa mengi msituni sasa alihitaji pesa ya zahanati asiyokuwa nayo. Na kila aliyerudi kutafuta kuni au asali aliitwa jangili.

Mwezi Oktoba 2018, baada ya miaka mingi ya mazungumzo na ahadi, baadhi yao walirudi hifadhini kwa uamuzi wao wenyewe. Yakafuata mapigano kati yao na walinzi wa hifadhi, watu wakafa pande zote mbili, vijiji vikachomwa moto. Kesi yao ilikuwa imekwisha kufikishwa mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uamuzi ulipotangazwa mwaka 2024, Tume ilisema kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki za Watwa. Ikapendekeza warudishiwe ardhi, walipwe fidia na waombwe radhi.

Kwa nini jambo hili linatuhusu wakati huu hasa? Kwa sababu ya tabianchi. Msitu wa mvua wa Bonde la Kongo ni wa pili kwa ukubwa duniani baada ya ule wa Amazonia. Mwaka 2017 wanasayansi walichapisha ramani ya vinamasi vilivyo katikati ya bonde hilo, wakakadiria kwamba mboji iliyolala chini yake imehifadhi kaboni tani bilioni 30 hivi. Mboji hiyo ikikauka au kuungua, hewa ukaa itakayotoka itamwathiri mkulima wa Dodoma ambaye hajawahi kuisikia. Ndiyo maana dunia nzima sasa inautazama msitu kwa macho mapya. Mwezi Desemba 2022, huko Montreal, mataifa yalikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari iwe imehifadhiwa. Lengo ni jema. Lakini mtu aliyefukuzwa mara moja kwa jina la gorila ana haki ya kuuliza kama atafukuzwa mara ya pili kwa jina la kaboni.

Locke anapoingia msituni

Tuanze na Locke, maana mawazo yake yamezunguka dunia kuliko wengi wetu tunavyodhani. Katika risala yake ya pili juu ya serikali, iliyotoka mwaka 1689, anaeleza kwamba Mungu aliwapa wanadamu wote dunia kwa pamoja, na kwamba mtu hukifanya kitu kuwa chake kwa kukichanganya na kazi ya mikono yake. Aliyeokota tunda chini ya mti ana haki nalo. Mwindaji wa Amerika aliyemuua paa, paa ni wake.

Hadi hapo Mtwa hana ugomvi naye. Ugomvi unaanza pale Locke anapotoka kwenye tunda na kuingia kwenye ardhi. Ardhi, anasema, ni ya yule anayeilima, anayeipanda na kuizungushia ua. Ile iliyoachwa kama maumbile yalivyoiweka anaihesabu kuwa karibu haina thamani. Maana yake ni kwamba mwindaji anammiliki mnyama aliyemwangusha, lakini msitu uliomlisha mnyama huyo si wa mwindaji. Unaweza kuishi mahali miaka elfu moja usipate kitu, kwa sababu tu hukufyeka.

Watawala wa kikoloni walifikiri namna hiyohiyo, wawe walimsoma Locke au la. Katika miaka ya 1930 tume ya ardhi ya Kenya ilipofika kwa Waogiek wa msitu wa Mau, ambao enzi hizo waliitwa Wadorobo, ilipendekeza wahamishiwe katika maeneo ya makabila mengine na kuchanganywa nayo. Hawakuwa na mashamba, basi hawakuwa na ardhi. Haikuhesabiwa kwamba kila ukoo ulikuwa na eneo lake la mizinga, lenye mipaka inayojulikana, wala kwamba Mwogiek alihama na asali kutoka mabondeni kwenda miinuko kadiri miti ilivyochanua kwa zamu.

Hapa ndipo falsafa inapotakiwa kufanya kazi yake. Je, kuchonga mzinga kutoka kwenye gogo, kuupandisha juu ya mti, kujua mwezi wa kurina na mwezi wa kuwaachia nyuki, kumfundisha mtoto mti usiokatwa na sababu yake, si kazi? Kama ni kazi, basi hata kwa kipimo cha Locke mwenyewe msitu ule ulikwisha kuchanganywa na jasho la watu. Sisi tunaona kosa lake halikuwa katika kuthamini kazi. Aliitambua kazi moja tu, ile ya mkulima wa Kiingereza, na nyingine zote zikampita bila kuziona.

Mtakatifu Thoma anauliza swali jingine

Thoma, katika sehemu ya pili ya Summa Theologiae, swali la 66, haanzi na jasho. Anauliza kwanza kama ni halali mtu kuwa na mali yake binafsi, na anajibu ndiyo kwa sababu tatu: kila mtu hukitunza zaidi kilicho chake kuliko kilicho cha wote, mambo huenda kwa utaratibu, na watu huishi kwa amani. Kisha anaongeza kwamba katika matumizi, mtu avihesabu vitu hivyo kuwa vya wote, awe tayari kumshirikisha mwenye shida.

Angalieni uzito wa sababu ile ya kwanza. Umiliki unahalalishwa na utunzaji. Tukiupeleka mzani huo Mau, tunapata jibu tofauti kabisa na la tume ya kikoloni. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa kwetu Arusha, ilitoa hukumu katika kesi ya Waogiek dhidi ya serikali ya Kenya. Serikali ilidai inawaondoa ili kuulinda msitu. Mahakama haikukubali. Iliona kwamba uharibifu wa Mau haukuthibitishwa kuwa wa Waogiek, bali ulitokana na wavamizi wengine, na maeneo ya msitu yaliyogawiwa na serikali yenyewe, na vibali vya kukata mbao. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi za Kenya milioni 157 na ardhi yao itambuliwe kisheria. Na kama kuna Mtanzania anayeona hayo ni ya Kenya, akumbuke kwamba mto Mara unaanzia Mau kabla ya kuingia Serengeti.

Mtego uliomo katika hoja nzuri

Sasa tufike mahali pagumu. Makala nyingi zinazowatetea watu wa asili huishia hapo tulipofika: hawa ndio walinzi bora wa msitu, kwa hiyo waachiwe. Hoja hii ina ukweli mwingi, lakini ina mtego. Baada ya Watwa kurudi Kahuzi-Biega mwaka 2018, miti mingi ilikatwa katika eneo la milimani. Mkaa na mbao vilitoka, baadhi kwa mikono ya Watwa wenyewe, wakishirikiana na wafanyabiashara na watu wenye silaha. Kama haki yao ilisimama juu ya sifa ya ulinzi tu, basi imeanguka pamoja na mti wa kwanza.

Tunakataa hitimisho hilo, na sababu yetu ni hii. Mchagga aking'oa kahawa katika kihamba chake akapanda majani ya ng'ombe, au hata akikiacha kikawa pori, majirani watamsema, lakini hakuna atakayemwambia kwamba kihamba si chake tena. Haki yake haikuwa tuzo ya tabia njema. Kwa nini basi Mtwa peke yake ndiye adaiwe kuendelea kuwa kama babu yake ili awe na mahali pa kuishi? Kumtaka mtu abaki na upinde wake ili dunia ipate hewa safi ni kumfanya chombo cha haja zetu, na mwanadamu, kama Kant anavyotufundisha, asitumiwe kamwe kama chombo tu. Tena mtu aliyenyimwa ardhi zaidi ya miaka 40, akarudi bila hati wala ulinzi wa sheria, mwenye lori na bunduki akimsubiri mlangoni, hawezi kupimwa kana kwamba alikuwa huru kuchagua.

Je, hii ina maana kwamba mwenye msitu afanye apendavyo? Hapana. Thoma hatuachi tuende huko, wala mafundisho ya Kanisa juu ya mali za dunia kukusudiwa kwa ajili ya wote. Sheria inaweza kukataza kuchoma mkaa katika msitu wa mvua, na ikataze kwa wote, akiwemo Mtwa. Lakini kumzuia mtu kuchoma mkaa ni jambo moja, na kumfukuza nyumbani kwake ni jambo jingine. Uhifadhi wa karne iliyopita uliyachanganya mambo haya mawili, na wapo wanaoendelea kuyachanganya.

Tusiruke pingamizi moja linalotolewa sana hapa kwetu: Afrika sisi sote ni wenyeji, kwa nini wachache waitwe watu wa asili? Tamko la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 juu ya haki za watu wa asili lilipopigiwa kura, Kenya na Burundi hazikuunga mkono wala kupinga. Tanzania iliunga mkono. Tume ya Afrika imekwisha kueleza kwamba neno hilo halimaanishi nani alifika wa kwanza. Linawahusu wale ambao maisha yao yote yanategemea ardhi fulani, na ambao wamewekwa pembeni na wengine, sisi wakulima tukiwemo.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko katika Laudato Si', namba 146, alisema jamii hizo si kundi moja tu miongoni mwa mengi. Ndizo zinazopaswa kuwa wa kwanza kuzungumza nao mradi mkubwa unapopangwa katika ardhi yao. Katika namba 171 alitahadharisha kwamba biashara ya kaboni inaweza kugeuka kuwa ulanguzi mwingine. Hatudhani aliipinga kila namna ya malipo. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, ambako hakuna msitu wa mvua bali pori kavu, walipata hati za kimila za ardhi mwaka 2011, na leo wanapokea fedha za hewa ukaa kwa pori wanalolitunza. Angalieni mpangilio: hati kwanza, kaboni baadaye. Huko Mau mambo yamekwenda kinyume. Novemba 2023, hukumu ya Arusha ikiwa na miaka sita, nyumba za Waogiek zilibomolewa tena huko Sasimwani, Kaunti ya Narok.

Kwa watakaopenda kulijadili somo hili darasani au katika jumuiya ndogondogo, tunapendekeza waanze na Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu analitaka shamba la mizabibu la Nabothi. Hatumii nguvu mwanzoni. Anaahidi shamba lililo bora zaidi, au fedha. Nabothi anakataa kwa sababu ni urithi wa baba zake. Ndipo zinapoandikwa barua zenye mhuri wa mfalme, mashahidi wakaletwa, na kila kitu kikafanyika kwa sura ya sheria. Swali la kujadili: je, kosa la Ahabu lilianza siku ya mawe, siku ya mhuri, au siku ile aliyodhani kwamba urithi wa mtu lazima una bei?