SOMO: Skrini Imkumbuke Kila Mtu

Wengi wetu tunatumia kompyuta moja ya Linux kwa zamu. Mama mwenye macho dhaifu akikuziwa maandishi leo, kesho anayakuta madogo tena. Anaona haya kumsumbua kijana kila siku, mwishowe haji. Tusikubali hivyo.

Amri ya xrandr hubadilisha skrini, lakini mtu akitoka, badiliko linapotea. Basi tuiandike mahali pa kudumu.

1. Mama aingie kwa jina lake mwenyewe. Afungue terminali, aandike: xrandr. Ataona jina la skrini, tuseme VGA-1, na vipimo inavyokubali.

2. Ajaribu: xrandr --output VGA-1 --mode 1024x768. Kipimo kidogo, maandishi makubwa.

3. Yakimfaa, aandike amri hiyo hiyo katika faili iitwayo .xprofile, ndani ya folda yake ya nyumbani. Ile nukta ya mbele isisahaulike!

4. Atoke, aingie tena.

LightDM, programu inayotupokea tunapoingia, huisoma faili hiyo kila mara. Njia hii ni ya Xorg. Kwenye Wayland haifanyi kazi. Wengine hawataguswa, maana kila mtu ana faili yake. Tumfundishe mama aiandike kwa mkono wake.